Chai ya choya na forosadi inapokataa: dalili, sababu na marekebisho

Kila msimu wa kuvuna choya ukifika huku Dodoma, maswali ninayoletewa ni yaleyale. Mbona yangu inakausha ulimi? Mbona imekuwa kahawia? Nimetia maziwa, yamekatika. Wengi wanaouliza ni watu waliokatazwa kafeini, au waliochoka kukesha kwa ajili ya kikombe cha chai ya rangi walichokunywa magharibi. Wamejaribu choya mara moja, wamekunja uso, wameiacha. Huwa naumia kusikia hivyo, kwa sababu mara nyingi choya yenyewe haikuwa na kosa. Ilipikwa kama majani ya chai, na choya si majani ya chai.

Choya ndiyo hiyohiyo rozela, na ndiyo karkade ya Wasudani na Wamisri. Tunayaita maua, lakini kinachokaushwa si ua. Ua likishadondoka, linabaki ganda jekundu lenye nyama, limekikumbatia kitumba cha mbegu. Ganda hilo ndilo linalouzwa. Kwa ukoo choya ni ndugu wa bamia, jambo litakalotufaa huko mbele tukifika kwenye ute. Kafeini haina kabisa.

Kipimo cha kulinganishia

Huwezi kujua chai imeharibikia wapi kama huna iliyo sawa ya kulinganisha. Kwa nusu lita ya maji, chukua choya kavu gramu 5, ambazo ni maganda mazima kama 8 hadi 10, na forosadi mbivu (matunda madogo laini ya mforosadi) za kujaa kiganja, gramu 60 hivi. Suuza choya haraka kwa maji baridi. Ponda forosadi kwa mgongo wa kijiko ndani ya birika. Chemsha maji peke yake, epua, mimina, funika, subiri dakika 6, kisha chuja bila kukamua.

Ionje kabla ya sukari, ikiwa vuguvugu, kwa sababu ikiwa ya moto sana ulimi hausikii vizuri. Tafuta vitu viwili. Uchachu ni ule unaotoa mate pembeni mwa ulimi, kama umelamba ukwaju. Huo ni wa choya, ndiyo tabia yake, usiuogope. Ukakasi ni kitu kingine: ulimi unakauka, ufizi unakaza, kama umeuma bibo la korosho au zambarau bichi. Watu wengi huchanganya haya mawili na kuyaita yote "kali", halafu wanayatibu yote kwa sukari. Uchachu hurekebishwa kwa kipimo. Ukakasi hurekebishwa kwa muda na moto. Ukishika hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatatua mwenyewe.

Inakakasa, inakausha ulimi

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na sababu yake kubwa ni kuchemsha. Mtu anatia choya kwenye sufuria, anaiacha itokote robo saa kama chai ya maziwa. Rangi ya choya hutoka mapema mno. Hata kwenye maji baridi utaiona ikichirizika ndani ya dakika moja. Ukiendelea kuipika baada ya hapo unavuta vitu vizito vya ndani ya ganda, ambavyo ndivyo vinavyokaza mdomo. Jaribu hivi: pika vikombe viwili vya kipimo kilekile, kimoja kwa kumwagia maji ya moto na kukifunika dakika 6, kingine kwa kutokosa dakika 15. Onja bila sukari. Wengi niliowafanyisha zoezi hili hawakuhitaji maelezo zaidi.

Sababu ya pili hufanana na hiyo ila imejificha: chai imepikwa vizuri, kisha imemiminwa kwenye chupa ya chai pamoja na maganda yake. Humo ndani inaendelea kujipika saa mbili, tatu. Kikombe cha kwanza ni kitamu, cha mwisho hakinyweki. Chuja kwanza, ndipo ujaze chupa.

Ya tatu ni kukamua. Ukibonyeza maganda kwenye chujio ili usipoteze tone, unatoa matone machache yenye ukakasi wa kikombe kizima. Acha yachuruzike yenyewe.

Kama hayo yote umeyafanya na bado inakakasa, tazama choya yenyewe. Fungua ganda moja: je, kitumba cha mbegu bado kimo? Choya iliyovunwa kwa pupa huuzwa na vitumba, na vina vinyweleo vidogo vinavyowasha koo. Vitoe. Choya iliyosagwa unga nayo hutoa kila kitu kwa haraka, kwa hiyo ipunguzie muda hadi dakika 2 au 3 na uichuje kwa kitambaa safi. Mwisho, uliza tunda ulilotia. Huku kwetu forosadi zikikosekana watu hutia zambarau, na zambarau ina ukakasi wake wa kuzaliwa. Si vibaya, naipenda, lakini chagua zilizoiva hadi kuwa nyeusi, toa kokwa, na tia nusu ya kiasi.

Chai iliyokwisha kukakasa haiwezi kurudishwa. Sukari itaficha uchachu, ukakasi utabaki palepale, na utaishia kunywa sharubati yenye kukaza mdomo. Iongeze maji, uipoze, uchanganye na juisi ya nanasi au tikiti. Ya kesho ipike upya.

Ni chachu mno, lakini ulimi haukauki

Hapa umepika vizuri, umezidisha tu. Kijiko hudanganya: choya iliyovunjikavunjika hujaa kwenye kijiko mara mbili ya choya nzima. Kama huna mizani ya jikoni, hesabu maganda kabla hujayavunja. Punguza hadi gramu 3 kwa nusu lita, onja, panda taratibu.

Sababu inayofuata ni forosadi zisizoiva. Zikiwa nyekundu zina uchachu kuliko utamu. Zinazotakiwa ni zile nyeusi zinazoacha doa kwenye vidole ukizigusa tu.

Kulainisha uchachu bila kumwaga sukari kunawezekana. Mimi hutia tende mbili zilizokatwa na kutolewa kokwa, pamoja na kijiti kidogo cha mdalasini, tangu mwanzo wa kuloweka. Tende huleta utamu wenye mwili, na mdalasini huufanya ulimi uhisi utamu kuliko ulivyo. Chembe chache za chumvi, chache kweli, nazo hutuliza. Asali ni nzuri, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata tone.

Usitie beking soda kuua uchachu. Nimeona watu wakifanya hivyo. Chai inageuka rangi ya wino na ladha inakuwa ya sabuni.

Rangi si ile

Choya iliyo sawa ni nyekundu ya damu inayong'aa ukiinua glasi kwenye mwanga. Ikienda kombo, huenda kwa njia tatu, na kila njia ina sababu zake.

Ikiwa kahawia au imefifia, choya ni ya zamani au ilianikwa juani kwa muda mrefu. Rangi yake huvunjwa na mwanga, joto na hewa. Ganda zuri ni jekundu la kukoza lenye kuelekea weusi, na ukilikunja hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Lililopauka kama tofali, na linalosagika kuwa vumbi mkononi, limepoteza rangi na sehemu ya ladha. Halina madhara, ila usilipe bei ya choya mpya. Nyumbani ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, kabatini. Hizo chupa za kioo zinazopangwa dirishani zinapendeza macho na kuiharibu choya.

Ikiwa ya zambarau, ya samawati au ya kijivu, lawama zote zielekee kwenye maji au chombo. Rangi ya choya ni kipima-uchachu cha asili: penye asidi ni nyekundu, asidi ikipungua inaenda kwenye zambarau, penye magadi inakuwa samawati hadi kijani chafu. Visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa vina maji yenye magadi. Jaribu kwa maji ya mvua au ya chupa. Rangi ikirudi, umepata jibu. Matone machache ya limau yatairudisha kikombeni, lakini sababu itabaki kisimani. Na kama maji ya kwenu yanajulikana kuwa na floridi nyingi, kama ilivyo kwa sehemu za Arusha, Manyara na Singida, kumbuka kuwa kuchemsha hakuiondoi floridi, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na yenyewe hubaki. Hapo suala si chai tena. Waone wahandisi wa maji wa wilaya.

Rangi ikiwa nyekundu mno, ya kung'aa kama soda, hata kwa ganda moja, ifanyie jaribio. Tia kijiko cha chai hiyo kwenye kikombe, ongeza chembe za beking soda. Rangi ya choya ya kweli itageuka mara moja. Rangi nyingi za kiwandani hubaki vilevile. Isipogeuka, usiinywe.

Forosadi haisikiki

Choya ina sauti kubwa. Ukiziweka pamoja kwa uzito sawa, tunda halisikiki kabisa, ndiyo maana kipimo cha juu kinatumia forosadi mbivu, zisizokaushwa, mara kumi na zaidi ya choya. Angalia kwanza kama ulizipasua: forosadi nzima kwenye maji ya moto hutoa kidogo sana. Kisha angalia kama ulizichemsha, maana harufu ya tunda hupaa na mvuke. Stroberi ndiyo dhaifu zaidi kwa hili. Zile za Lushoto, zinazonukia chumba kizima zikiwa mbichi, ukizichemsha dakika tano zinabaki maji ya pinki. Njia yangu kwa stroberi ni kuloweka choya peke yake, kuchuja, kusubiri ipoe kidogo hadi uweze kuishika glasi, ndipo nitie stroberi zilizokatwa na kufunika dakika 10.

Forosadi zilizokaushwa ni hodari kuliko mbichi. Gramu 10 hadi 15 zinatosha, ila zilowekwe mapema kwenye maji kidogo ya moto kwa dakika 10 kabla ya choya kuingia.

Kama unatumia pakiti za dukani zenye picha ya matunda, soma orodha ya viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi. Mara nyingi utakuta choya, kisha tufaha lililokaushwa, kisha majani ya stroberi, na tunda lililopo kwenye picha limo mwishoni kabisa au ni ladha tu iliyonyunyiziwa. Si wizi, lakini usitafute kikombeni kitu ambacho hakikutiwa.

Maziwa yamekatika

Hakuna cha kurekebisha. Maziwa yana pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya karibu 6.7, na protini yake hugandana pH ikishuka hadi 4.6. Chai ya choya huwa kati ya 2.5 na 3. Lazima yakatike, hata yawe mabichi kutoka zizini asubuhi hiyo. Anayetaka kitu kizito ajaribu tui la nazi, nalo litie likiwa vuguvugu, kidogo kidogo. Linaweza kutengana lakini halifanyi madonge kama maziwa. Binafsi naona choya ibaki kavu, kama strungi.

Ina ute, mchanga au mashapo

Ute ni ule undugu na bamia. Hutokea ukichemsha muda mrefu, au ukiacha maganda kwenye maji usiku kucha nje ya friji. Ukitaka ya baridi, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, funika, weka kwenye friji saa 8 hadi 12, chuja. Itakuwa laini kuliko ya moto, yenye uchachu mpole na ukakasi mdogo sana. Kama hujawahi kuinywa choya kwa namna hii, anzia hapo.

Mchanga hutokana na kuanika chini. Choya inayoanikwa kwenye kichanja, juu ya wavu, haina mchanga. Kuisuuza husaidia, ila usiiloweke maana rangi itaondoka na maji ya kusuuzia. Mashapo laini ya forosadi ni nyama ya tunda, hayana neno.

Ina ladha ya chuma, au harufu ya uvundo

Ladha ya chuma: sufuria. Asidi ya choya hula aluminiamu, na sufuria za aluminiamu ndizo zilizojaa majikoni kwetu. Maji yachemshie humo ukipenda, lakini choya iingie kwenye birika la kaure, la kioo, la stenlesi, au la enameli isiyobanduka. Shaba nyekundu, shaba ya njano, ndoo na mabirika ya bati yaliyopakwa zinki, na vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa ambayo hujui ina nini, visiguse choya kabisa, hata kwa dakika tano. Hata kijiko cha chuma chenye kutu huifanya chai iwe na weusi.

Harufu ya uvundo ni jambo la kusimama. Nusa choya kavu kabla ya kupika: inapaswa kunukia kama tunda kavu, mfano wa zabibu. Ikinukia stoo iliyovuja, au ukiona unga mweupe, kijani au utando kati ya maganda, itupe yote, si sehemu iliyoharibika tu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu ambayo maji ya moto hayaiondoi. Usiisuuze ukaianika upya, na usiwape mifugo. Najua inauma kutupa, kilo moja ya kavu imetoka kwenye kilo zipatazo 10 za mbichi na mikono ya watu wengi, lakini tupa.

Imetoa mapovu kwenye chupa

Imeanza kuchacha, na kadiri ulivyotia tende, asali au matunda ndivyo inavyowahi. Juani au kwenye joto la kawaida chai iliyotiwa tunda ikae si zaidi ya saa chache. Kwenye friji siku 2, ikiwa imechujwa vizuri siku 3. Chupa iliyovimba ifungulie nje, kwa kuilegeza polepole ukiwa umeifunika kwa kitambaa, maana ya kioo inaweza kupasuka. Imeshakuwa na pombe, hata kama ni kidogo, kwa hiyo usimpe mtoto wala asiyetumia pombe kwa imani yake. Mvinyo wa choya upo na watu wanaujua kuutengeneza, lakini chupa iliyochacha kwa bahati mbaya jikoni si mvinyo.

Haina kafeini, lakini sikulala

Anza na pakiti. Baadhi ya michanganyiko ya matunda hutiwa majani ya chai nyeusi au ya kijani, yerba mate (majani ya Amerika Kusini), au guarana (mbegu za hukohuko), na yote yana kafeini. Neno "matunda" kwenye boksi halikuhakikishii kitu, soma nyuma. Ya pili ni kibofu: choya huongeza mkojo kidogo, na ukinywa vikombe viwili saa nne usiku utaamka. Kunywa mapema, saa moja jioni, kikombe kimoja. Ya tatu ni kiungulia, ambacho wengine hawakitambui, wanajua tu kwamba wanageukageuka. Inua mto, au acha kuinywa usiku.

Mwili unakataa

Hapa sitoi marekebisho ya jikoni, naeleza wapi pa kuachia.

Tumbo kuwaka au vidonda vya tumbo: acha, maana asidi hii haifai kwa kidonda kilicho wazi. Meno kufa ganzi: asidi hulainisha gamba la jino, kwa hiyo usiizungushe mdomoni muda mrefu unapoionja, sukutua kwa maji, na usipige mswaki ndani ya nusu saa ya baada yake. Ganzi ikiendelea, muone daktari wa meno.

Kizunguzungu unaposimama ni alama nzito zaidi. Choya hushusha shinikizo la damu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 65 wenye shinikizo lililopanda kidogo walishiriki. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita walishuka kwa wastani wa 7.2 kwenye namba ya juu. Hiyo ni habari njema kwa wengine, lakini kwa anayemeza dawa za presha ni nyongeza juu ya dawa. Usiache dawa kwa sababu ya choya, wala usiongeze choya bila kumwambia anayekuandikia dawa. Na kama mchanganyiko wako una urukususu, mzizi ule mtamu, jua kwamba wenyewe hupandisha shinikizo.

Wanaotumia dawa za sukari, za kutoa maji mwilini au klorokwini waulize mfamasia kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku. Utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa karkade ikinywewa pamoja na klorokwini hupunguza kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu. Mjamzito na anayenyonyesha wakae nayo mbali hadi wazungumze na mkunga au daktari wao.

Midomo ikivimba, mwili ukitoka vipele au pumzi ikibana baada ya kuinywa, usisubiri kuona kama itapungua na usitafute maziwa ya kutulizia. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na ubebe pakiti au mfuko wa choya uliyotumia, pamoja na kitu kingine chochote kilichokuwamo ndani ya birika, ili wajue walichonacho mkononi.